Kamba ya mita 50: historia ya kando za mito yetu, toka Kamanyola mpaka Uvira

Leo siwaletei bei ya muhogo wala habari za barabara. Nataka tuongee juu ya kitu tunachopita karibu nacho kila siku bila kukitazama, yaani matete, majani na miti inayoota kando ya mito yetu. Nitasimulia namna ilivyokuwa, namna ilivyoisha, na hali niliyoikuta nilipotembea na kamba mkononi.

Nianze na deni langu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mvua kubwa ilinyesha milimani juu ya Uvira, na mto Mulongwe ukatoka katika njia yake. Zaidi ya watu 40 walikufa. Nyumba elfu kadhaa zilibomoka au zikajaa matope. Pahali REGIDESO inapochotea maji ya mji paliharibika, mji ukakaa na shida ya maji safi, na sisi wa Uvira tunajua kipindupindu kinavyopenda shida ya namna hiyo. Asubuhi yake nilishika mikro nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba waliopatwa na maafa ni wavamizi wa kando ya mto, watu waliokata miti na kujenga pasipofaa.

Siku mbili nyuma ya pale, mama mmoja akapiga simu kwenye redio. Hakutukana. Alisema yeye hakuvamia pahali popote. Alikimbia vita kwao milimani, akauziwa kiwanja kando ya Mulongwe, akapewa karatasi yenye mhuri. Miti, alisema, alikuta imekwisha kukatwa, na visiki vyenyewe vilikuwa vimeoza. Kisha akaniambia: «Mwanangu, kabla ya kusema ni sisi, uliza kwanza nani aliikata.» Akakata simu.

Nimechelewa kumjibu.

Tuanzie mbali kidogo. Ruzizi inatoka ziwa Kivu, pale Bukavu, kwenye kimo cha karibu mita 1460, na inashuka mpaka ziwa Tanganyika, ambalo liko chini ya mita 800. Safari yake ni ya kilomita zaidi ya 100. Mwanzoni inapita katika makorongo. Pale ndipo mabwawa ya umeme yalijengwa, Ruzizi ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi ya pili mwaka 1989. Ikifika Kamanyola inapata tambarare, inaanza kujikunja kama nyoka aliyeshiba. Kutoka upande wa magharibi, milima ya Mitumba inaituma mito midogo mingi: Luvubu, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba. Mingine, kama Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inaingia ziwani yenyewe, na mji wa Uvira umekaa juu ya migongo yake. Mtu akitaka kujua afya ya Ruzizi asiitazame Ruzizi peke yake. Lazima apande kufuata hii mito midogo, kwa sababu udongo unaoonekana ziwani Kavimvira umetoka shambani kwa mtu kule juu.

Wazungu waliposikia habari za Ruzizi, ugomvi wao haukuwa juu ya miti. Walikuwa wanabishana kama mto huu unaingia Tanganyika au unatoka, kwa sababu walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia ziwani. Jibu halikuwapendeza wala halikumaliza maneno Ulaya. Mwezi wa 11 mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakaja kujionea kwa macho, wakapiga makasia kati ya matete ya mdomo wa mto, wakakuta maji yanaingia. Miaka 13 ilipita ili neno la wavuvi wetu liaminiwe. Naliweka neno hili hapa mapema kwa sababu litarudi: wakaaji wa kando ya mto huwa wanajua, ila hawaulizwi.

Kando hizo zilikuwa na nini? Penye maji yaliyotulia, karibu na ziwa, palikuwa mafunjo na matete, marefu kupita mtu aliyepanda juu ya mtu. Penye mchanga na jua kali, mikoche na migunga. Kando ya mito inayoshuka milimani, mikuyu yenye mizizi iliyoshika mawe kama vidole. Wazee niliowauliza Sange na Luberizi wanasema mkuyu wa kwenye chemchemi haukuguswa na panga. Mtu aliyeukata aliitwa mbele ya wazee na kulipa mbuzi au pombe. Wengine wanasema ni kwa ajili ya mizimu, wengine wanasema ni kwa ajili ya maji. Mzee mmoja wa Luberizi alinicheka nilipomuuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Kwake yeye lilikuwa jambo moja.

Halafu ikaja serikali ya Wabelgiji na kazi yake ya kupanga watu na ardhi. Katika tambarare ya Ruzizi walileta pamba, na miaka ya 1950 wakapima viwanja vya wakulima kwa mistari iliyonyooka, ule mpango ulioitwa peizana. Kiliba ikawa nyumba ya miwa na kiwanda cha sukari, na maji ya mto yakaongozwa katika mifereji. Mstari ulionyooka haujui mto unapojikunja. Pahali pengine shamba lilifika mpaka kwenye maji.

Lakini zama zile zile zimetuachia pia kitu cha thamani. Mwaka 1952 INEAC, ile taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati wa ukoloni, ilitoa kitabu cha René Germain juu ya makundi ya mimea ya tambarare ya Ruzizi, na namna kila kundi linavyotegemea udongo na maji. Kimeandikwa kwa Kifaransa cha wataalamu, chenye majina ya Kilatini yanayochosha ulimi. Hata hivyo ni kama kitambulisho cha ugonjwa: ukitaka kujua mgonjwa amekonda kiasi gani, unahitaji kujua alikuwa na uzito gani zamani. Mtu akija leo kupima hali ya mimea ya Ruzizi, anaweza kuuliza kile kilichoandikwa 1952 kiko wapi. Wenyeji waliomwongoza Germain na kumtajia miti, mimi ningependa majina yao yawe kwenye jalada pia.

Serikali ile ile iliona udongo wa Kivu unashuka, ikaamuru watu wachimbe mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kupanda mbingobingo kwenye kingo zake. Wazo halikuwa baya. Ubaya ulikuwa namna: amri, fimbo, faini, na kulala jela kwa mtu ambaye mtaro wake haukunyooka. Kwa hiyo uhuru ulipofika mwaka 1960, watu wengi waliacha mitaro ijae, wengine waliifukia kwa furaha. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alituambia alifukia mtaro wake kwa siku moja, na jioni alikunywa. Mpaka leo, ukienda kijijini kuwaambia watu wapande kitu kando ya mto kwa amri ya serikali, wazee wanakutazama kwa jicho lile.

Ukoloni ulituachia pia mikaratusi, ambayo sisi tunaiita kaliptus. Inaota haraka, inatoa nguzo, mbao na makala, na mtu maskini mwenye miti 20 ana akiba ya kumsomesha mtoto. Sitaisema vibaya kupita kiasi. Lakini ilipandwa mpaka juu ya chemchemi, na inakunywa maji mengi, na chini yake majani mengine yanapata shida kuota. Ukipita kando ya mto yenye kaliptus tupu, juu unaona kijani, chini unaona udongo uchi. Mvua inapita pale bila kizuizi.

Mwishoni mwa 1961 ikaja mvua ambayo wazee wanaihesabia miaka yao. Maziwa ya Afrika Mashariki yote yalipanda, na Tanganyika ikafika kilele chake mwaka 1964. Ni mwaka huo huo ambapo Uvira ilichukuliwa na waasi wa Simba. Kwa hiyo wazee wakisema «mwaka wa maji na vita», wanasema mwaka mmoja. Watu walikimbilia milimani, wakalima huko, wakakata huko. Maji yaliporudi nyuma, pwani iliyobaki tupu ikaonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Watu wakajenga. Nusu karne baadaye, mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, ziwa likapanda na kuingia katika nyumba zilizojengwa pale Uvira, na Bujumbura vile vile. Ziwa lilirudi kwenye pwani yake ya zamani likakuta mtu ameweka kitanda.

Miaka ya Zaire nitaipitia haraka. Kulikuwa na salongo, kila mtu anatoka na jembe lake, na miti mingine ya barabarani inayowapa kivuli hata leo ni ya salongo. Lakini mito haikuwa na mwenye kuiangalia.

Sasa tunafika kwenye swali la yule mama. Mwezi wa 10 mwaka 1993 rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia inchi yao. Wengi walivuka Ruzizi wakaja kwetu. Kambi zikasimama katika tambarare, Luvungi, Runingu, Kagunga na kwingine, mpaka zilipovunjwa na vita mwezi wa 10 mwaka 1996. Familia moja inayopika maharage mara moja kwa siku inataka kuni kila siku, na maharage ni chakula kisicho na haraka. Kuni zilitoka wapi? Zilitoka pale pa karibu, na miti ya karibu katika tambarare iliyokauka ni miti ya kando ya mto. Wapo wenye kusema wakimbizi walimaliza mikuyu. Ni kweli nusu. Wenyeji wetu nao walikata na kuwauzia. Mvulana mmoja wa wakati ule, leo ni baba mwenye wajukuu, aliniambia kwamba alinunua baiskeli yake ya kwanza kwa kuni za kambini, na hakuona kwamba amefanya kosa lolote. Mimi pia nisingeona.

Kisha vita vikaja kwa zamu, na kila zamu ilishusha watu. Kutoka miinuko ya juu, watu walikuja kwenye barabara kubwa, na kutoka barabarani walikuja mjini. Aliyehama hana shamba. Pahali pekee anapopewa bila maneno mengi, au anapouziwa kwa bei ndogo, ni pale mwenyeji mwenyewe anapoogopa: kingo za mto. Pale analima lenga-lenga na sombe wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo una unyevu, na watoto wanakula. Mji nao ulikua, na kila nyumba inataka mchanga, mawe na matofali ya kuchoma. Mchanga na mawe vinatoka mtoni, na tanuru ya matofali inakula miti. Kwa hiyo, mama, kama unasoma: miti yako ilikatwa na pamba, na miwa, na makambi, na matofali ya nyumba yangu mimi. Wewe ulifika mwisho, na ulikuta kiti kiko wazi kwa sababu kilikuwa kimevunjika.

Katikati ya hayo yote, sheria ilikuwepo. Kodi ya misitu ya Congo ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002, kifungu cha 48, inakataza kufyeka miti ndani ya mita 50 kila upande wa mto, na ndani ya mita 100 kuzunguka chemchemi. Niliisoma mara ya kwanza miaka mingi baada ya kuanza kazi ya uandishi, na niliona haya. Nikaamua kuipima kwa miguu.

Nilinunua kamba ya nailoni sokoni Kalundu. Mwashi mmoja mwenye mita ya chuma akanisaidia kuifunga fundo kila mita 10, mafundo matano. Rafiki yangu agronomu akakubali kunisindikiza kwa siku kadhaa, akanifundisha namna ya kutazama. Kwanza, alisema, nyosha kamba toka maji, uone kijani kinaishia fundo gani. Pili, usidanganywe na miti mikubwa, tafuta miche. Kando yenye miti mikubwa bila miche ni kama kijiji cha wazee watupu. Tatu, tazama mizizi: ikining'inia hewani, kingo inakuwa inaliwa kwa chini hata kama juu inapendeza. Kisha chota maji kwenye chupa isiyo na rangi, iweke usiku mzima bila kuitikisa, asubuhi uone udongo umekaa kiasi gani chini. Hakuna mashine. Mwanafunzi wa darasa la 6 anaweza.

Mulongwe, ndani ya mji, kamba haikufika fundo la pili bila kugusa ukuta wa mtu. Pahali pengine haikufika la kwanza. Miti ni ya maembe na mipapai ya uani, mizuri kwa kula, lakini haishiki kingo. Mama wavunja mawe walikuwa wamekaa mtoni na nyundo zao, watoto mgongoni, na mmoja akaniuliza kama nimekuja kuwafukuza. Nikasema hapana. Hakuniamini mpaka nilipokaa nikavunja mawe naye kidogo, akanicheka kwa mikono yangu laini.

Tukapanda. Juu ya mji, mihogo imefika mpaka kwenye maji, kwenye miteremko ambayo mimi nilipanda kwa mikono na magoti. Mistari ya shamba imeshuka kufuata mteremko, kwa hiyo kila mvua inapata barabara yake. Miche hakuna. Lakini tukiendelea zaidi, katika korongo ambalo jembe haliwezi kusimama, tulikuta mikuyu mitatu, na majani ya kivuli, na ndege, na maji baridi ambayo chini yake unahesabu mawe. Chupa ya pale, asubuhi yake, ilikuwa na vumbi tu chini. Chupa ya mjini ilikuwa na matope ya vidole viwili. Ni mto mmoja, siku moja.

Runingu ilinihuzunisha zaidi. Mto umekuwa uwanja mpana wa mawe, na kila masika unachagua njia nyingine, kwa sababu hakuna kitu kinachoushika. Ng'ombe wanashuka kunywa popote, wanakanyaga kingo inabomoka. Hapo kamba ilinyooka mita 50 zote bila kugusa nyumba wala shamba, na bila kugusa mti. Nafasi ipo, mimea haipo. Kiliba ni kinyume: penye mifereji ya zamani na mashamba ya miwa yaliyoachwa tangu vita vya 1996, matete yamejirudisha yenyewe, mengi, kiasi kwamba tulishindwa kupita. Hakuna aliyeyapanda. Yaliachwa tu.

Sange na Luberizi, mpunga umefika kwenye ukingo, lakini kwenye njia za kuchotea maji bado utaona mkuyu mmoja mmoja. Ni wanawake walioutetea, kwa sababu ndoo inawekwa kivulini wakati wa kungoja zamu.

Na kule mdomoni, penye Ruzizi yenyewe, ukisimama upande wetu na kutazama ng'ambo, unaona tofauti. Burundi iliweka pahali pale chini ya ulinzi tangu 1980, na ingawa vita vyao na mifugo vimepaumiza, mikoche bado inasimama, viboko wapo, na hadithi za mamba Gustave hazijaisha. Upande wetu matete yapo lakini yanarudi nyuma mbele ya jembe. Matete haya haya ndiyo yaliyowaficha wengi wenu mwezi wa 2 mwaka 2025, mlipovuka kuelekea Cibitoke kwa maelfu. Si wote waliofika ng'ambo. Kuna mtu alinisimulia kwamba alipoteleza katika maji alishika shina la tete na likamshika naye. Hakutaka nitaje jina lake, na mimi nimeheshimu.

Nisiwadanganye juu ya nguvu ya mimea. Milima nyuma ya Uvira inapita mita 2000, na Mulongwe unashuka mpaka ziwani kwa umbali mfupi sana. Mvua kama ya 2020 inabeba mawe makubwa kama gari, na hakuna tete linalozuia jiwe la namna hiyo. Anayekuambia kwamba tungepanda miti asingekufa mtu, anakuuzia kitu. Kazi ya kando ya mto ni nyingine. Mizizi inafanya kingo ichelewe kubomoka. Majani yanapunguza mbio za maji ya mvua ya kawaida, ile ya kila wiki, na kubakiza udongo shambani. Kivuli kinatunza maji wakati wa kiangazi. Samaki wengi wanatagia mayai kwenye matete. Na wataalamu waliochunguza ziwa miaka ya 1990, katika mradi wa inchi nne za Tanganyika, waliona hatari kubwa ya udongo unaoingia ziwani kutoka milima iliyofyekwa. Penye matope mengi, aina za viumbe wa pwani zinapungua. Hapa Uvira tuna kituo cha utafiti wa viumbe vya majini, CRH, ambacho kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi na mishahara ya kuhesabu.

Lakini mita 50 zina maana nyingine pia, ambayo naiona kubwa kuliko miti. Ni nafasi. Maji yakitoka usiku yawe na pahali pa kutandaza bila kukuta mtoto amelala.

Ndiyo maana ninapata shida na wale wanaopiga kelele kwamba sheria itumike kesho asubuhi. Kuwatoa watu ndani ya mita 50 katika Uvira yote bila kuwapa pahali ni kuwahamisha wahami mara ya tatu, ya nne. Na kuwakataza kina mama kulima lenga-lenga kiangazini ni kuwanyima watoto mboga. Kwa maoni yangu, tuanze na Runingu, penye nafasi na hakuna nyumba: mbingobingo, matete na mianzi kwenye kingo, mikuyu nyuma yake, na njia moja au mbili za ng'ombe zilizowekewa mawe, ili wasishuke popote. Mbingobingo ng'ombe wanakula, kwa hiyo mchungaji atakuwa na sababu ya kuilinda. Huku mjini, kwanza wasiuze tena. Mhuri mmoja usiopigwa kwenye karatasi ya kiwanja cha mtoni unafaa kuliko miche 1000 ya sherehe, ile inayopandwa mbele ya kamera, nami nikiwa nyuma ya kamera hiyo, na kukauka mwezi wa 7.

Wanaolima kingoni, tumeongea nao. Wengine wamekubali kuacha hatua tano za matete kati ya maji na shamba, kwa sababu wameona wenyewe shamba linavyopungua kila masika. Hatua tano si mita 50. Shefu mmoja wa kartiye alinikemea kwamba nafundisha watu kuvunja sheria kidogo kidogo. Nikamwuliza nyumba yake iko fundo la ngapi. Tulicheka wote wawili, lakini hakujibu.

Yule mama nilimtafuta. Namba yake haipatikani tena, na majirani wa kiwanja chake wanasema alihama, wengine wanasema Baraka, wengine ng'ambo. Kiwanja kimejaa majani, na katikati ya majani kuna mche wa mkuyu, wa kimo cha goti. Nadhani ndege ndiye aliyeupanda.

Sasa ninawaomba kitu. Wale mliokaa Runingu, Kiliba, Sange, Luvungi au Mulongwe kabla ya 1996, popote mlipo leo, tutumieni kwa sauti kile mnachokumbuka: mti gani ulisimama wapi, mlichotea maji pahali gani, mto ulipita upande gani wa njia, samaki gani walishikwa na watoto. Tajeni jina la mti kwa lugha yenu, hata kama hamjui Kiswahili chake. Tutayaweka yote pamoja, tuyalinganishe na kile kilichoandikwa 1952, na tuyapeleke kwa wanafunzi wanaotaka kuendelea na upimaji. Kamba iko kwenye redio, nyuma ya mlango, na imeshaazimwa na shule mbili. Anayetaka kuiazima aje jumamosi asubuhi, na airudishe ikiwa kavu.